Mama mkwe ananijazia sahani, grupu linataka picha ya mzani, Krismasi hii nifanyeje?

BARUA

Shikamoo anti,

Naomba usinitaje jina mana hapa mjini tunajuana. Mi ni mwanamke wa miaka 37, nimeolewa, tuna watoto wawili, tunakaa Mbeya na nina kaduka ka vitenge pale Mwanjelwa. Nakuandikia wewe kwa sababu kila ninayemwambia hili jambo ananijibu hilo nalo tatizo, yani kula tu ndo shida? Ila mi linaninyima usingizi kweli na Krismasi ndo hiyo imefika.

Iko hivi. Baada ya Pasaka nilienda hospitali mana nlikuwa nachoka sana, nasinzia dukani mpaka wateja wananiamsha. Wakanipima sukari asubuhi sijala kitu, ikasoma 6.6. Dokta akasema bado sio kisukari ila uko mlangoni kabisa, usipobadilika utaingia. Nlikuwa na kilo 96 na urefu wangu ni sentimita 160 tu, kwahiyo nadhani umeshapata picha. Akaniambia nipunguze ugali na wali, niache soda, nitembee. Nikaanza anti. Soda niliacha siku ileile, chipsi mayai nikaacha, jioni nikifunga duka sipandi bajaji natembea mpaka nyumbani. Mwezi wa tisa nikawa na kilo 88, nikapima tena ikasoma 5.8, nililia palepale kwenye benchi kwa furaha.

Hapo ndo rafiki yangu akaniunga kwenye grupu la WhatsApp la kupunguza mwili. Kuna kocha, sio dokta ni dada tu ambaye na yeye alikuwa mnene akapungua, unalipa elfu 30 kwa mwezi unapewa ratiba. Mlo mmoja kwa siku, hakuna ugali, hakuna wali, ndizi, viazi, hata matunda hakuna, na usiku unakunywa chai yake ya majani ya kusafisha tumbo ambayo unainunua pembeni. Kila asubuhi kabla ya saa mbili unapanda mzani unapiga picha unatuma. Ukiongezeka hata nusu kilo kocha anakuuliza mbele za watu wote jana ulikula nini, na ukisema ulikula chapati hapo utajuta. Lakini nisiseme uongo anti, lile grupu nalipenda, wale wadada tunaelewana, tunapigiana simu, kuna mambo siwezi kumwambia mtu mwingine. Sasa hivi nina kilo 84. Desemba hii kocha katangaza chalenji ya sikukuu, atakayeongezeka kilo moja mpaka kufika mwaka mpya anatolewa na hela yake hairudi.

Sasa kila Krismasi tunaenda ukweni, ni upande wa Mafinga kule. Mume wangu ndo mtoto wa kwanza kwahiyo kutokwenda ni kesi. Kule mbuzi anachinjwa siku moja kabla, asubuhi supu na chapati, mchana pilau na kuku, jioni ugali na nyama iliyobaki, chai ya maziwa sukari imeshawekwa humohumo kwenye sufuria, soda za kreti, na wakubwa wana ulanzi wao. Na mi mwenyewe ndo huwa nabeba mchele wa Kyela gunia zima na mkungu wa ndizi za Tukuyu, mana wanausubiria.

Mama mkwe wangu ni mtu mzuri sana, sina ubaya naye. Ila anapakua yeye. Anakaa kwenye kigoda chake pale jikoni na mwiko, haangalii umesema nini, anaangalia sahani imejaa au haijajaa. Mwezi wa nane tulienda kwenye kipaimara cha mtoto wa wifi, nikamwambia mama inatosha, akanishika hapa kwenye kifundo cha mkono akakizungusha kwa vidole vyake, akasema kwa sauti watu wote wanasikia, "mwanangu umeisha, huko Mbeya hamli?" Afu akaongeza bonge lingine la ugali juu ya lile la kwanza, akasimama palepale mpaka nikamaliza. Baadae wifi mdogo akaniambia majirani wanaulizana huyu mke wa fulani mbona anapukutika, atakuwa anaumwa. Unajua anti wakisema anaumwa wanamaanisha nini.

Nilimwambia mume wangu safari hii tumwambie mama ukweli kwamba ni mambo ya sukari. Akakataa katakata. Baba mkwe alifariki kwa sukari, mi sikumkuta, wanasema alikuwa pande la mtu akakonda akabaki mifupa, wakahangaika kwa waganga huko mpaka walipompeleka hospitali ilikuwa imechelewa. Mume wangu anasema mama akisikia hilo neno tena atapata presha, tumwache, mi nile tu hizo siku nikirudi nitaendelea.

Nimewaza nisiende nisingizie duka. Nimewaza niseme nina vidonda vya tumbo. Kuna dada kwenye grupu kaniambia nile kila kitu afu usiku ninywe ile chai mara mbili, itatoa vyote. Nashindwa kuamua anti. Nikila naona nitarudi kwenye 96 na grupu nitatolewa, nisipokula namuumiza mama wa watu. Nisaidie.

Msomaji wako, Mbeya


JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Wanaosema hilo nalo tatizo, hawajawahi kukaa mbele ya sahani ya mama mkwe huku ukoo mzima unawaangalia mdomo. Mi nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja na naona umebanwa na watu wengi kwa wakati mmoja: mama anataka ule, kocha anataka usile, mume anataka unyamaze, na majirani wameshakutangazia ugonjwa. Katikati ya hao wote kuna mwili wako ambao dokta alikuonya nao, na naona huo mwili ndo unaopewa nafasi ya mwisho kuongea.

Kwanza hongera, na hili silisemi kwa kukufariji. Umetoka 96 mpaka 84, hiyo ni zaidi ya asilimia 12 ya uzito wako. Kuna utafiti mkubwa ulichapishwa Marekani mwaka 2002, waliwachukua watu walioambiwa kama wewe kwamba wako mlangoni, wakawapa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi kama kutembea dakika 150 kwa wiki, na hatari yao ya kuingia kwenye kisukari ikashuka kwa asilimia 58. Asilimia 7 ya kilo 96 haifiki hata kilo 7. Sasa rudi uisome barua yako mwenyewe, ulipofika kilo 88 mwezi wa tisa ulikuwa umeshalivuka hilo lengo, na sukari ilikuwa imeshuka kutoka 6.6 mpaka 5.8. Hapo hukuwa na kocha wala chai, ulikuwa unatembea kutoka Mwanjelwa mpaka nyumbani na soda umeacha. Nataka ulione hilo mana barua yako inaongea kama vile bila ratiba ya grupu hakuna kitu umefanya. Ni kweli kwa urefu wako kilo 84 bado ni nyingi na dokta atataka uendelee kushuka, ila msingi uliujenga mwenyewe.

Tuje kwenye hofu kwamba siku chache za Mafinga zitakurudisha 96. Hapa naomba tupige hesabu taratibu. Ili mwili utengeneze kilo moja ya mafuta unahitaji kula kama kalori 7,700 juu ya zile unazotumia, na hata ukishindilia pilau ya mama kwa moyo wote, kufika huko kwa siku moja ni kazi. Lakini mzani utapanda, tena unaweza kupanda kilo moja au mbili kwa siku mbili, na mtu asiyeelewa anapagawa. Sababu ni kwamba mtu aliyeacha vyakula vya wanga kama ugali na wali anakuwa amemaliza akiba ya wanga mwilini, ile inayokaa kwenye ini na misuli, na kila gramu ya hiyo akiba inakaa na maji kama gramu tatu hivi. Ukirudi kula wali na chapati akiba inajaa na maji yanarudi nayo, ongeza chumvi ya supu inayoshika maji, ongeza chakula chenyewe kilichoko tumboni, na kama uko karibu na siku zako ongeza na hapo. Kwahiyo picha ya mzani ya tarehe 26 asubuhi itakuwa inapima maji zaidi kuliko mafuta, na kocha atakuuliza maswali mbele za watu kuhusu maji.

Kuna utafiti mwingine wa hukohuko Marekani, ulichapishwa mwaka 2000, waliwapima watu wazima 195 kabla na baada ya msimu wa sikukuu. Kwa wastani waliongezeka kama gramu 370, haifiki nusu kilo, ila wenyewe walipoulizwa walidhani wameongezeka karibu mara nne ya hapo. Hofu ilikuwa kubwa kuliko uzito. Sikufichi upande wa pili wake, ile nusu kilo kasoro haikuondoka miezi iliyofuata, na waliokuwa wanene tangu mwanzo ndo waliongezeka zaidi, kwahiyo mume wako anaposema kula tu utaendelea ukirudi, nusu ana haki na nusu hana. Hatari yako mi siioni kwenye hizo siku za Mafinga. Naiona mwezi wa kwanza, pale mtu anaporudi amekata tamaa, anasema si nimeshaharibu, halafu soda inarudi na bajaji inarudi.

Kabla sijaendelea niongee kuhusu ile chai, na hapa ntakuwa mkali kidogo unisamehe. Sijui yako imewekwa nini, ila nyingi za aina hiyo zina majani ya sena ambayo kazi yake ni kuendesha utumbo mkubwa. Chakula chenyewe kinanyonywa kwenye utumbo mdogo, huko nyuma kabisa kabla chai haijafanya kitu, kwahiyo yule dada anaposema itatoa vyote, kinachotoka ni maji na madini kama potasiamu, ambayo moyo wako unayahitaji kupiga vizuri. Kilo zinazoshuka asubuhi yake ni za choo. Kunywa mara mbili baada ya mlo mkubwa, ugenini, usiku, kwa mtu ambaye siku nzima ana mlo mmoja, hapana mdogo wangu. Na wasomaji wengine mnaotumia dawa za sukari au presha, msiruke milo wala kuchanganya na hizi chai bila kumwambia daktari, sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka.

Sasa mama. Naomba unisikilize vizuri hapa mana nadhani jambo lenyewe liko hapa, wewe umelitaja kwa kupita tu. Umesema baba mkwe alikuwa pande la mtu, akakonda akabaki mifupa, akafa. Halafu umesema mama alikushika kifundo cha mkono akakizungusha kwa vidole akasema umeisha. Huyu mama ameshaona mtu wa nyumbani kwake akipungua hivyohivyo mbele ya macho yake, labda alikuwa anampakulia hivyohivyo pia, anaongeza na kuongeza, na mtu anazidi kuisha, kwa sababu kisukari kisichotibiwa kinamkondesha mtu hata akila vizuri. Sasa anamwona mkwe wake, mama wa wajukuu zake, kila akija amepungua na hakuna anayemwambia kwa nini. Ungekuwa wewe na mwiko mkononi ungefanya nini? Inawezekana nimekosea, wewe ndo unamjua, lakini mi sioni mama anayeumia kwa sababu chakula chake kimekataliwa. Naona mama anayeogopa. Na kama ni hivyo basi kumficha kunamwongezea hilohilo ambalo mume wako anataka kumwepusha nalo, mana hofu ameshakuwa nayo, alichokosa ni maelezo.

Ila kumwambia nako kuna hatari zake na sitaki uende kichwakichwa. Neno sukari kwenye ile nyumba ni neno la msiba. Akilisikia kwa pupa, siku ya Krismasi, watu wamejaa, anaweza kweli kuishiwa nguvu. Anaweza pia kumwambia wifi, wifi akamwambia jirani, ukawa umebadilishiwa ugonjwa mmoja kwa mwingine. Na ukimwambia bila mume kukubali, utakuwa umemvunjia neno kwa mama yake, hilo linaweza kukaa kwenye ndoa muda mrefu kuliko hizo kilo. Kama utafika mahali mkakubaliana aambiwe, fikiria namna. Desemba kule ni mvua na kilimo, mama lazima anaamka kwenda shambani asubuhi hata kama kuna sikukuu. Ukichukua jembe ukaenda naye kwenye palizi, mko wawili tu, unaweza kumwambia mwanzo mwema kwanza: mama, nilipimwa, walikuta dalili mapema sana, kabla ugonjwa haujaingia, na huku kupungua ndo dawa niliyopewa, namba zimeshashuka. Umpe na karatasi ya majibu kama unayo. Unaona tofauti yake na yale yaliyompata baba? Baba alikonda kwa sababu ugonjwa ulikuwa unamla, wewe umepungua kwa kutaka mwenyewe ili huo ugonjwa usiingie. Hiyo tofauti hakuna mtu amewahi kumweleza yule mama. Na ukiwa na jembe mkononi asubuhi mbili tatu, hayo ni mazoezi kuliko kutembea kutoka sokoni.

Kama itashindikana kumwambia, bado kuna mambo unaweza kufanya kimyakimya. Wewe ni mkwe, Krismasi utakuwa jikoni tu, hakuna atakayekuzuia kuomba kupakua. Sema mama leo pumzika mi nipakue, umri wake unaruhusu kuambiwa hivyo. Hatari ni kwamba amezoea kigoda chake na mwiko wake na anaweza kukataa, basi hapo kubali sahani ila anza na mboga za majani na nyama kwanza, ugali na wali uje mwishoni, sukari haipandi kwa kasi ileile na mara nyingi unashiba kabla hujamaliza. Kula taratibu sana. Mama anayesimama mpaka umalize humsubiri mtu anayekula haraka, mtu anayekula polepole na kupiga stori atamchoka ataenda kuhudumia wengine. Ukimaliza waite watoto muende kutembea hata robo saa, misuli inayotembea baada ya kula inavuta sukari kutoka kwenye damu. Soda ndo usiionee aibu kabisa kuikataa, chupa ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35 na kitu, vijiko vya chai karibu tisa, na Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa kwa siku isizidi kama gramu 50, ikiwezekana ibaki 25. Kukataa soda hakumkasirishi mtu, kwenye kreti itapata mwenyewe dakika hiyohiyo. Chai iliyokwisha tiwa sukari ni ngumu zaidi, labda uwahi kuamka uwe wewe unayeipika.

Na jambo jingine nimeliona. Gunia la mchele na mkungu wa ndizi vinatoka mkononi mwako. Sisemi uache, mchele wa Kyela ukweni ni heshima na wao wanausubiri. Lakini nani alisema lazima liwe gunia zima? Unaweza ukabeba nusu yake, na nafasi iliyobaki ukaweka maparachichi ya Rungwe, kabichi, karoti, njegere, samaki wakavu wa Kyela, vitu ambavyo wewe mwenyewe utavipika na vitakuwepo mezani bila mtu kuuliza. Parachichi nalo lina mafuta mengi, nusu inatosha, ila halipandishi sukari kama wali.

Kuhusu kutokwenda, au kusingizia vidonda vya tumbo, naelewa kwa nini unavifikiria. Usipokwenda utapumzika mwaka huu, ila wale majirani watakuwa wamepata jibu lao, na mama atabaki na hofu yake bila hata kukuona. Ukisema vidonda vya tumbo nahofia utaandaliwa uji wa maziwa na sukari asubuhi, mchana na jioni, halafu Pasaka itabidi uendelee kuumwa. Lakini kama kweli umechoka na unahitaji mwaka mmoja wa kukaa kwako, hilo nalo ni jambo la kuongea na mume, mradi liwe limetoka moyoni, isiwe kukimbia mzani.

Grupu sasa. Sitaki kulisema vibaya kwa sababu umeniambia linakupa watu wa kuongea nao, na mwanamke anayeshinda dukani peke yake anahitaji hilo. Nakuuliza tu, unachokipenda pale ni picha ya asubuhi au ni wale wadada? Kama ni wadada, namba zao unazo, hakuna chalenji inayoweza kukutoa kwenye urafiki. Unaweza kumwandikia kocha kwamba kuanzia tarehe fulani mpaka fulani hutapima, uone atasemaje, jibu lake litakuonyesha mengi. Unaweza kubaki kwenye chalenji ukakubali kwamba huenda hiyo elfu 30 ikaenda. Unaweza kutoka, na hapo hatari ni upweke wa Januari, uwe umeshajua nani utatembea naye jioni. Na ratiba ya mlo mmoja bila wanga wala tunda, hiyo muulize dokta wako bila kujali Krismasi, mana kwenye barua hujasema kama umemwambia, na wala sio yeye aliyekuandikia. Jiulize pia kama unaiona ukiishi nayo ukiwa na miaka 45. Mzani wa kila siku ukikusumbua, omba kipimo kinachoitwa HbA1c, kinasoma wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita, pilau ya siku moja hakiiogopi. Ukipima ile ya asubuhi basi uwe hujala masaa nane au zaidi, maji tu.

Nimalizie na mume wako mana nadhani safari inaanzia kwake, kabla hamjakata tiketi, na mabasi ya kuelekea huko wiki ya Krismasi mnayajua yanavyojaa. Anasema mama asiambiwe. Mi najiuliza kama anayeogopa lile neno ni mama peke yake. Huyu ni mwanaume aliyemzika baba yake kwa sukari, na sasa mke wake ameambiwa yuko mlangoni. Je mmewahi kukaa mkaongea siku ile baba alivyokuwa anaisha, yeye aliona nini? Usianze na mama, anza na hilo. Halafu muulize taratibu swali ambalo kwenye barua yako halipo kabisa: yeye mwenyewe amepima lini? Mtoto ambaye mzazi wake alikuwa na kisukari ana hatari kubwa kuliko mtu wa kawaida, yeye, wifi zako, wote waliokaa kwenye ile sufuria moja. Mnaweza mkaenda wote wawili asubuhi moja kabla ya safari, mkapima, yeye ajue yake na wewe uione yako imesimama wapi. Akishaona namba zake mwenyewe, nzuri au mbaya, muulize tena kama bado anataka mama asijue, na umsikilize atakachosema. Ukipenda uniandikie baada ya hapo nitasoma.

Anti yako